Mfuko wa zipu, kontena au mashine ya kufyonza hewa: kipi kinaifaa friza yako?

Siku moja niliichimbua friza yangu mpaka chini, nikatoa vifurushi viwili vya nyama nilivyovifunga jioni moja, kutoka mnofu mmoja, miezi 7 nyuma. Cha kwanza kilikuwa kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki, mdomo umepigwa fundo. Ndani kulijaa barafu ya ungaunga, na nyama ilikuwa na mabaka ya kijivu, makavu, yaliyokakamaa kama soli ya kiatu. Cha pili nilikuwa nimekifyonza hewa kwa mashine. Plastiki ilikuwa imeigandama nyama hata nyuzi zake zikaonekana, na barafu haikuwamo hata chembe. Nikavipika vyote siku hiyohiyo, sufuria mbili, chumvi kipimo kimoja. Cha pili kiliisha mezani. Cha kwanza kililiwa kwa heshima ya mpishi.

Baada ya hapo kila aliyeniuliza nilimwambia anunue mashine. Siku hizi nauliza kwanza: unagandisha chakula gani, na hukaa humo muda gani kabla hujakila? Kile kifurushi cha kwanza kiliponzwa na hewa niliyoifungia ndani kwa uvivu, na hewa ina njia nyingi za kuitoa. Mashine ni mojawapo tu, na ndiyo yenye gharama kuliko nyingine.

Friza inazuia nini

Kwenye nyuzi -18 za Selsiasi bakteria hawazaliani. Wengi wao hawafi. Wamelala tu, na chakula kikiyeyuka wanaamka na njaa yao ileile. Kwa hiyo chakula kilichokuwa salama kilipoingia, kikakaa muda wote kwenye -18, hakigeuki sumu kwa kupitwa na miezi. Kinachopungua ni ladha, unyevu na ulaini. Miongozo ya usalama wa chakula hutaja samaki wa mafuta miezi 2 hadi 3, samaki asiye na mafuta mengi 6 hadi 8, nyama ya kusaga 3 hadi 4, kuku wa vipande 9, kuku mzima 12, supu na mchuzi 2 hadi 3. Hiyo ni miezi ya ubora. Ukimkuta kuku wa mwezi wa 14 usimtupe kwa hofu. Mpike, ulimi wako utakuambia.

Wezi wa ubora ni wawili. Wa kwanza ni ukavu. Barafu huweza kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Ndani ya mfuko wenye hewa, maji yaliyo juu ya nyama hutoka kwa njia hiyo, yakazunguka kwenye ile nafasi tupu, kisha yakaganda upya kwenye plastiki. Ile barafu ya ungaunga niliyoikuta ilikuwa maji ya nyama yenyewe, yamehama nyumba. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe huzidisha tatizo: kila zikifanya hivyo joto hupanda kidogo na kushuka tena, na kila likipanda maji mengine hutoka. Friza ya kifuniko cha juu unayoiyeyusha kwa mkono ina kero zake, lakini kwa chakula cha kukaa muda mrefu naiamini zaidi.

Mwizi wa pili ni oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na mafuta yakiguswa nayo huendelea kuchacha polepole hata yakiwa yameganda. Ndiyo sababu samaki wa mafuta huchoka miezi kadhaa kabla ya samaki mweupe, ingawa wamelala rafu moja. Nyama ya kusaga nayo ni vivyo hivyo, maana kinu kimeikatakata na kuipa uso mkubwa wa kukutana na hewa.

Ukishawajua wezi hawa unaona mashine inalipa wapi: mafuta mengi, muda mrefu. Mkate utakaoliwa wiki ijayo hauna cha kuibiwa.

Mashine haiongezi baridi

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika, mimi nikiwamo. Nyama ikiyeyuka na kuacha dimbwi la maji mekundu kwenye sahani, tunalaumu mfuko. Mara nyingi kosa lilifanyika saa chache za mwanzo, wakati wa kuganda. Sehemu kubwa ya maji ya chakula huganda kati ya nyuzi -1 na -5. Chakula kikipita hapo polepole, chembe za barafu hupata muda wa kukua, zikawa kubwa na kupasua kuta za seli. Kikipita haraka, chembe hubaki ndogo na seli nyingi husalimika.

Clarence Birdseye, Mmarekani aliyefanya kazi Labrador, mashariki ya Kanada ya leo, katika miaka ya 1910, alijifunza hilo kwa Wainuit, wenyeji wa nchi hizo za barafu. Aliona samaki waliovuliwa kwenye baridi kali wakiganda karibu papo hapo, na walipoyeyushwa baadaye walikuwa bado na ladha ya samaki wabichi. Mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa viliwekwa madukani Springfield, Massachusetts. Alichokuwa akiuza hasa ni kasi ya kuganda.

Kasi hiyo nyumbani unaipata bure, kwa kubapa. Kifurushi cha unene wa sentimita 2 au 3, kilicholazwa peke yake juu ya trei ya chuma, huganda kwa muda usiofika nusu ya ule wa kifurushi chenye unene mara mbili yake. Usivirundike vikiwa bado laini. Visimamishe kama vitabu vikishakuwa vigumu. Tena usiipe friza mzigo wa wiki nzima kwa mkupuo. Friza ya lita 200 ihesabie kilo 6 hadi 9 za chakula kipya kwa siku, basi. Ukiizidishia, vya katikati vitaganda kesho kutwa, na vile vilivyokuwamo vitaanza kulegea.

Mwenye mashine ya kisasa anayegandisha bonge la kilo 2 atashindwa na jirani yake mwenye mfuko wa zipu uliobapwa vizuri. Nimekuwa huyo mwenye mashine.

Beseni la maji dhidi ya mashine

Tuanze na njia ya bure, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia mara nyingi hata baada ya kununua mashine. Jaza beseni maji ya baridi. Tia minofu kwenye mfuko mnene wa zipu, ule uliotengenezwa kwa ajili ya friza, ipange kwa safu moja. Funga zipu ubakishe upenyo wa kidole pembeni. Sasa uzamishe mfuko taratibu, kona iliyo wazi ikibaki juu. Maji yataubana kutoka kila upande, na utaiona plastiki ikijilaza juu ya nyama, kwanza chini, kisha ubavuni, hewa ikikimbilia kwenye ule upenyo. Maji yakifika karibu na zipu, malizia kufunga. Toa, futa, andika jina na tarehe. Ni sekunde 20, na hewa iliyobaki ni kidogo sana.

Kwa vitu vyenye majimaji, kama nyama iliyokolezwa viungo, samaki na mchuzi wake au maharage yaliyochemshwa, beseni huishinda mashine ya kawaida. Majimaji hujaza mianya ambayo hewa ingejificha. Kwa vitu vyenye pembe na mashimo, mfano kuku mzima au mbavu, beseni hushindwa kidogo. Tumboni mwa kuku hubaki hewa hata ufanyeje.

Tofauti kubwa lakini huja baadaye, na inatoka kwenye plastiki. Mfuko wa zipu kwa kawaida ni wa plastiki iitwayo polietilini. Polietilini huzuia maji vizuri, ila oksijeni huipenya taratibu, siku baada ya siku. Mifuko ya mashine huwa na tabaka zaidi ya moja: nailoni ya kuzuia oksijeni, na polietilini kwa ndani ya kuyeyuka na kuziba. Kwa hiyo siku ya kwanza vifurushi viwili huonekana mapacha, na mwezi wa 6 si ndugu tena. Kwa ulimi wangu, nyama isiyo na mafuta mengi sijawahi kuipambanua kabla ya mwezi wa 3. Samaki wa mafuta naweza kumtambua mapema zaidi, hasa ngozi yake, inayoanza kunuka mafuta ya jana.

Kwa samaki ipo njia nyingine ya bure ambayo wavuvi na viwanda vya samaki wanaijua na sisi wa jikoni tumeisahau: kumvika barafu. Mgandishe akiwa wazi kwenye trei mpaka awe mgumu kama jiwe. Mchovye kwenye maji ya barafu, mrudishe kwenye friza dakika kadhaa, mchovye tena. Baada ya mara 3 au 4 atakuwa amevaa ganda jembamba linalong'aa kama kioo. Hapo mtie mfukoni. Yule mwizi wa ukavu sasa ataanza kula ganda kabla hajafika kwenye samaki. Likianza kuisha au kupasuka, unamchovya upya. Kazi ipo, lakini kwa asiye na mashine sijaona kinachoikaribia.

Ukiamua kununua mashine

Ziko za aina mbili, na wauzaji hawapendi kukaa sana kwenye tofauti zao.

Aina inayojulikana zaidi ni ile ndefu na nyembamba: mdomo wa mfuko unaingizwa kwenye ukingo wake, mfuko wenyewe unabaki nje. Pampu inafyonza, plastiki inanywea, kisha ukanda wa moto unaziba mdomo. Inachukua nafasi ndogo na ni rahisi kuijifunza. Ina masharti mawili. La kwanza, inataka mifuko yenye vinundu au mistari upande wa ndani, ili hewa ipate njia ya kupita. Ukiipa mfuko laini itanguruma bure. Hivyo gharama halisi ya mashine hii ni mifuko, na huisha haraka kuliko ulivyopiga hesabu. Nunua ya roli, ukate urefu unaotaka.

Sharti la pili ni majimaji, na hili nililijua kwa njia ngumu. Wiki ya kwanza nilitia supu kwenye mfuko, nikaingiza mdomo, nikabonyeza kitufe. Mashine ikanywa supu. Nilitumia jioni nzima kuisafisha kwa kijiti cha pamba, na kwa wiki mbili kila nilichokiziba kilitoka na harufu ya kitunguu. Dawa yake ni kugandisha supu kwanza kwenye boksi, kisha kuling'oa lile tofali na kulifyonza likiwa gumu. Matunda laini na mkate nao vigandishwe kwanza. Mashine ina nguvu ya kuugeuza mkate wako chapati. Nyama mbichi yenye damu ipe saa 1 au 2 kwenye friza iwe ngumu kwa juu ndipo uifunge.

Kitu kingine: mdomo wa mfuko ukiwa na unyevu au mafuta, muhuri unaonekana umefunga kumbe haujashika. Unalala na kifurushi kilichobana, unaamka na kilicholegea. Mimi hukunja mdomo wa mfuko nje kama pindo la suruali kabla ya kutia nyama, nikishamaliza nauinua ukiwa mkavu. Na ninaziba mara mbili, mistari ikiachana sentimita moja. Mifupa yenye ncha naifunika kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwa, la sivyo hutoboa plastiki pale pampu inapovuta, tena kitundu ambacho hukioni mpaka mwezi wa 4.

Aina ya pili ni ya chemba. Mfuko mzima unalala ndani ya sanduku lenye kifuniko, na hewa inatolewa ndani na nje ya mfuko kwa pamoja. Kwa kuwa mgandamizo ni sawa pande zote, supu haina sababu ya kukimbia. Inatumia mifuko laini ambayo bei yake ni nafuu zaidi, na hewa inayobaki ni kidogo mno. Ubaya wake ni ukubwa na uzito. Ukishaiweka mezani hiyo meza ni yake. Halafu ina mzaha mmoja. Mgandamizo ukishuka, maji huchemka kwa joto dogo. Ukifika kilopaskali 2.3, yaani sehemu ndogo sana ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, maji ya nyuzi 20 yanachemka. Kwa hiyo supu ya uvuguvugu ukiitia humo utaiona ikifoka kama iko jikoni, na mfuko hautaziba. Vimiminika viingie vikiwa vimetoka kwenye friji.

Kwa familia ya kawaida sioni sababu ya chemba. Kwa anayewinda, anayevua, anayechinja mnyama mzima au anayepika chakula cha kuuza, ndiyo ningeianzia, nisipoteze hela kwenye ile ndogo.

Kuna na pampu za mkono zenye mifuko ya zipu iliyotiwa valvu. Zina faida kwamba mfuko unaoshwa na kurudiwa. Kwa friza sizipendi. Valvu ikipata punje ya unga au tone la mafuta huanza kuvuja, na ukitazama kesho hewa imerudi. Zinafaa vitu vya kukaa siku chache: jibini ngumu, njugu, kahawa.

Kontena

Kwa supu, mchuzi na chakula kilichopikwa, kontena la plastiki ngumu bado ni bingwa asiyejisifu. Linaoshwa, linapangika, halitoboki. Maji yakiganda huongezeka kama asilimia 9, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili juu; kama ni mtungi wa kioo uwe wa kuta zilizonyooka, maana wenye mabega hupasuka shingoni. Ile nafasi ya juu ndiyo udhaifu wake. Bandika kipande cha plastiki moja kwa moja juu ya mchuzi kabla ya kufunika, umemaliza.

Kosa ambalo friza haitalisamehe

Mashine inapofyonza hewa inawanyima pumzi bakteria wengi wanaoozesha chakula na kutoa harufu mbaya. Wapo wasiohitaji pumzi hiyo. Clostridium botulinum huzaliana pale pasipo na oksijeni, na sumu yake ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida, wala kwa kugandishwa. Aina zake nyingine hukua kuanzia nyuzi 3 hivi, na friji nyingi za nyumbani huwa 4 au zaidi. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kukosa harufu yoyote ya kukuonya. Listeria, bakteria mwingine hatari, naye hukua ndani ya friji, hewa iwepo isiwepo.

Kwa hiyo mfuko uliofyonzwa hewa haukifanyi chakula kuwa cha kopo. Nyama, samaki, mboga zilizopikwa, chochote ambacho kingehitaji friji kabla ya kufungwa, kinahitaji friji au friza baada ya kufungwa. Ukimwona mtu anaweka nyama iliyofyonzwa hewa kabatini kwa kuwa "hakuna hewa, haiozi", mzuie. Kitunguu saumu kibichi na uyoga mbichi usivifunge hivyo kabisa ili vikae kwenye friji.

Samaki anahitaji tahadhari ya ziada wakati wa kuyeyusha. Kabla hujamhamishia kwenye friji, kata mfuko au mtoe kabisa. Akiyeyukia ndani ya mfuko usio na hewa na kukaa humo, umemtengenezea yule bakteria kitanda. Mfuko wa zipu uliofungwa kwa beseni ufungulie zipu vilevile. Ni hatua ndogo sana, na wenye mashine karibu wote niliokutana nao hawajawahi kuisikia.

Jambo moja la kuwatoa hofu: nyama nyekundu iliyofyonzwa hewa hugeuka zambarau iliyokolea, na ukifungua hutoa harufu ya uchachu kidogo. Iache wazi kwa muda mfupi. Rangi itarudi kuwa nyekundu ndani ya nusu saa hivi, na harufu itaondoka kwa dakika chache. Harufu isiyoondoka ndiyo ya kutupa.

Mboga zina sheria yao

Nimewahi kufyonza hewa njegere na maharage mabichi ya kijani bila kuyagusisha moto, nikijiona mjanja. Miezi 3 baadaye rangi ilikuwa ya jani lililokauka na ladha ya nyasi. Mboga zina vimeng'enya, yaani viambata vyake vya asili vinavyobadilisha rangi na ladha, vinavyoendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na mashine haivigusi. Vinakomeshwa na maji yanayochemka: njegere dakika 1 na nusu, karoti zilizokatwa dakika 2, maharage ya kijani na brokoli dakika 3. Toa, tumbukiza kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, chuja, kausha kwa taulo, tandaza kwenye trei zigande zikiwa zimeachana. Ukishafanya hayo, mfuko wa zipu na mashine hutofautiana kidogo kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Usipoyafanya, mashine haikuokoi. Kabichi na jamii yake, brokoli ikiwamo, zikifungwa mbichi hutoa gesi na kuvimbisha mfuko.

Nani achukue nini

Anayenunua chakula cha wiki mbili au tatu na kukimaliza, mifuko minene ya zipu na beseni vinamtosha. Ile hela ya mashine aongezee kipimajoto cha friza, maana friza inayosoma -10 inaharibu chakula kuliko mfuko wowote. Anayepika mara moja kwa ajili ya wiki nzima anahitaji makontena mengi ya saizi moja, yapangike.

Anayenunua nyama au samaki kwa jumla na kumla kwa nusu mwaka, huyo ndiye wa kununua mashine. Aichukue ile ya ukingo, ila ahesabu mifuko ya mwaka mzima kabla hajalipia. Akiwa na friza ndogo inayojiyeyusha barafu yenyewe, mashine inamfaa zaidi kuliko mwenye friza kubwa ya kifuniko, kwa sababu kule kupanda na kushuka kwa joto ndiko kunakokausha. Kama umeme kwako hukatika, fahamu kwamba friza iliyojaa, isiyofunguliwa, hushikilia baridi kama saa 48, na iliyojaa nusu kama saa 24. Mfuko haubadilishi hesabu hiyo. Umeme ukirudi, pekua: kilicho bado na barafu ndani au kiko nyuzi 4 kushuka chini unaweza kukigandisha tena, kitapoteza ulaini tu.

Mimi nimebaki na mchanganyiko. Samaki na nyama ya kusaga hupitia mashine, minofu ya mwezi huu hupitia beseni, supu kontena. Pampu ya mkono nilimpa jirani. Wiki iliyopita ameniuliza kama namfahamu mtu anayeihitaji.